Aliyemjibia Levina

Nyumba ya Mzee Revocatus pale Isevya, Tabora, ilifagiliwa siku hiyo hata kuku wakakosa pa kuparua. Washenga walikuwa wanakuja alasiri. Jikoni wanawake walikaanga, wakapepeta, wakagombana juu ya chumvi, na harufu ya pilau ilikuwa imeshavuka ua na kuwafikia majirani ambao hawakualikwa ila walijijua kuwa watakuja. Binti mwenyewe, Levina, alikaa mkekani uani, kichwa kikiwa katikati ya magoti ya shangazi yake Eustadia, akisukwa.

"Tulia, mtoto wewe. Mistari itapinda, wageni waseme tumekusuka gizani."

"Nimetulia, shangazi."

"Hujatulia. Mapigo ya moyo wako nayasikia mpaka kwenye kitana."

Levina akacheka, na alikuwa na haki ya kucheka. Kwa miaka miwili jina la Tobias halikutamkwa ndani ya nyumba ile ila baba akiwa hayupo. Mzee Revocatus alikuwa mkulima wa tumbaku, mwenyekiti wa jumuiya, Mkatoliki wa kurithi toka kwa babu yake, na Tobias alikuwa Mmoraviani. "Umoraviani ningeuvumilia," mzee alizoea kusema, "maana nao wanamjua Mungu. Lakini kocha wa mpira wa kikapu? Mwanamume mzima na filimbi shingoni, anakimbizana na mabinti wa watu kwenye sementi! Nikiulizwa mkweo anafanya kazi gani, nijibu nini?"

Kilichougeuza moyo wa mzee ni msiba wa Levina. Hakufa mtu. Ila mwaka uliopita Levina alikosa nafasi ya kwenda Ulaya kusomea piano, nafasi aliyoitolea jasho tangu utotoni kwenye kinanda cha masista, na umri wa kuomba tena ukawa umempita. Alilala uso ukutani, hali, hasemi. Hapo ndipo Tobias alipoanza kuja kila jioni na bakuli la uji. Alikaa kizingitini, asiingie ndani kwa kumheshimu mzee, asiondoke mpaka bakuli liwe tupu. Mzee alimtazama, akamtazama, na siku moja akamwambia dada yake Eustadia, "Kijana aliyekaa na binti yangu katika msiba wake, huyo ni mtu. Mwambieni atume wazee."

Wazee hao ndio waliokuwa wanapikiwa pilau.

Shangazi alikuwa amemaliza upande wa kulia wa kichwa, simu ya Levina ikalia.

"Levina? Mama Advera hapa, Dar es Salaam. Yule niliyekuwa naratibu usaili wa chuo cha muziki."

"Shikamoo, mama." Levina aliketi vizuri. Shangazi akamvuta kichwa kukirudisha.

"Marahaba, mwanangu. Nimekukumbuka tu leo. Mkono umepona?"

Levina akautazama mkono wake wa kulia kama aliyeuona kwa mara ya kwanza. Habari za mkono ule hakuwahi kumwambia Mama Advera. "Umepona, mama. Siku nyingi."

"Afadhali! Ilituuma sana. Wale walimu walishaisikiliza rekodi yako, ule muziki wa Chopin, ile ballade, wakasema huyu ndiye tunayemtaka. Walikuwa tayari kukungoja mpaka siku ya mwisho. Sasa mumeo aliposema haiwezekani, tungefanyaje? Nafasi ikaenda kwa kijana wa Kampala."

"Mume wangu?"

"Si yule aliyepokea simu? Nilikuulizia, akasema uko mazoezini, yeye ni mumeo, mkono umevimba huwezi kuja, tukutoe kabisa. Akashukuru vizuri sana. Mwanamume mwenye adabu. Haya, mwanangu, usiache kupiga kinanda, umesikia?"

"Nimesikia, mama. Asante."

Nusu ya kichwa chake ilikuwa na mistari safi, nusu nyingine nywele zimesimama zinangoja. Levina akasimama hivyo hivyo, akajifunga khanga.

"Unakwenda wapi?" shangazi akamaka. "Levina! Na kichwa nusu? Wageni wanakuja!"

"Nakuja, shangazi."

"Kuna nini? Nani kapiga?"

"Nakuja," alisema, na alikuwa ameshafika nje ya ua.

*

Alishika njia ya zamani, ile waliyopita wapagazi wa pembe za ndovu na ambayo sasa wanapita wanafunzi na malori ya tumbaku. Watu walimtazama kichwa wakatabasamu. Alikuwa haoni mtu. Alikuwa anaona mfuko mmoja mweusi wa mazoezi.

Levina hakuwa anaingia na simu penye kinanda. Ndivyo alivyofundishwa na Sista Veneranda, kwamba mtu akikaa na Beethoven asiwe na mgeni mwingine. Kwa hiyo simu yake ilikaa ndani ya mfuko mweusi wa Tobias, pamoja na filimbi za akiba na bandeji, upande wa pili wa ukuta. Uwanja wa kikapu na nyumba ya masista vimetenganishwa na ukuta mmoja tu. Simu ikilia, Tobias alipokea, akaja dirishani kumpa ujumbe. Jioni moja alikuja dirishani uso umemshuka, akasema, "Wamepiga kutoka Dar. Wanasema nafasi zimejaa, wamechukua wengine. Pole, mpenzi wangu."

Na yeye akalia kwenye shati lake mpaka likalowa. Hilo ndilo lililokuwa linamchoma kila alipoinua mguu. Alikwenda kulilia kidonda chake kifuani kwa mwenye kisu.

Ukuta ule ndio uliowakutanisha. Mpira uliruka siku moja ukaangukia kwenye bustani ya masista, na kijana mrefu mwenye filimbi akaja kuuomba. Levina alikuwa anapiga ile sonata ya Beethoven ambayo mkono wa kulia unazunguka taratibu, noti tatu tatu, huku wa kushoto ukishuka chini kabisa. Kijana akasahau mpira. Akasimama dirishani mpaka mwisho.

"Mbona haifungi?" akauliza.

"Haifungi nini?"

"Goli. Inazunguka tu, inazunguka."

"Inangoja nafasi."

Kijana akafikiri, uso ukamng'aa. "Basi hiyo ni timu ya kocha Popovich! Wanapeana mpira, wanapeana, mpaka atokee mtu aliye wazi." Kesho yake alilisogeza zoezi la timu yake karibu na ukuta, na mabinti wakawa wanapeana mpira kwa kufuata mkono wa kulia wa Levina. Nani asingempenda mtu kama huyo?

Walibishana juu ya makocha wakubwa kama watu wengine wanavyobishana juu ya majina ya watoto wao watakaozaliwa. Tobias alikuwa na huyo Popovich wake. "Alikaa na timu ya San Antonio karibu miaka thelathini," alizoea kusema. "Hakuhama. Mkubwa hahitaji kuhama." Levina naye alimjibu, "Na Phil Jackson? Chicago alichukua pete sita za ubingwa, akahamia Los Angeles akachukua tano. Kuhama kulimpunguzia nini?" Tobias alicheka, lakini kicheko chake kiliishia njiani. Levina aliliona hilo akalipita. Mtu akipenda huona mengi akayapita, halafu siku moja yote yanamrudia kwa mkupuo.

*

Mchumba haendi na washenga. Anakaa mbali anangoja, na Tobias alikuwa anangoja kwa njia aliyoijua, katikati ya uwanja, filimbi mdomoni.

"Recheli, miguu! Miguu kwanza, mikono baadaye!" Akageuka, akamwona Levina, na tabasamu likamjaa usoni. "Haa! Wameniletea nusu ya mchumba. Nusu nyingine inakuja na nani?"

Mabinti wakaangua kicheko. Levina alisubiri kiishe.

"Waambie wakanywe maji."

Tobias akapuliza filimbi, mabinti wakaenda kivulini wakitazama nyuma. Alimsogelea, sauti imeshuka. "Kumetokea nini? Mzee kageuka?"

"Tobi, mwaka jana Mama Advera alipopiga simu, ulimwambia nini?"

Uso wake ulibaki na tabasamu muda kidogo, kama taa iliyosahauliwa kuzimwa mchana.

"Nani amekwambia?"

Hakusema "simu gani?" Hakusema "sielewi." Levina alikuwa amekuja na tumaini moja dogo, kwamba yule mama amemchanganya na binti mwingine, mume mwingine, mkono mwingine. Lilimfia pale pale.

"Kwa hiyo ni kweli."

"Levi, nisikilize."

"Uliniambia nafasi zimejaa."

"Nilikuambia."

"Nikalia. Ukanishika kichwa, ukaniambia Mungu ana mipango yake. Mipango ya Mungu, Tobi, au yako?"

"Mkono wako ulikuwa hauwezi kushika kikombe!" Tobias alipandisha sauti, akaishusha kwa kuwaona mabinti. "Uliniapisha nisimwambie mtu. Si Sista, si baba yako. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nakufunga barafu kila jioni. Daktari alisema nini? Alisema usipoupumzisha, mishipa inaharibika moja kwa moja. Wewe hukutaka kusikia. Ungepanda treni, ungekwenda kupiga zile kurasa za mwisho kwa mkono ule, ungerudi kilema. Nilikulinda. Nilifanya alichofanya Popovich. Nilikusimulia, umesahau? Aliwapandisha ndege wachezaji wake bora warudi nyumbani kabla ya mechi kubwa kule Miami. Timu ikatozwa faini, watu wakamtukana, hakujali. Alikuwa anawalinda."

"Sikusahau. Nakumbuka na ulivyomalizia." Levina alikuwa anazungumza polepole, maana angeharakisha angelia. "Ilikuwa mwanzoni mwa msimu. Aliwapumzisha ili siku ya fainali wawe wazima. Si ndivyo ulivyonisimulia?"

"Ndivyo."

"Na mimi ulinipumzisha ili nicheze lini?"

Tobias akaishika filimbi yake, akaizungusha vidoleni.

"Ile ndiyo ilikuwa fainali yangu. Baada yake hakukuwa na mechi nyingine, na wewe ulijua, maana miaka yangu unaijua. Ni kocha gani anamtoa mchezaji siku ya fainali, halafu anamdanganya kuwa mechi haikuwepo?"

"Nilikuwa nakupenda."

"Walikuwa tayari kuningoja, Tobi. Mama Advera kaniambia. Pengine hata hapo nisingeweza. Pengine ningewaambia wenyewe, samahanini, mkono umekataa. Na kama ningekwenda nikauharibu, basi, ungekuwa mkono wangu niliouharibu mwenyewe. Ungeniuma, lakini ungekuwa wangu. Ukajiita mume wangu."

Akainamisha kichwa. "Rafiki wasingemsikiliza."

"Wangemsikiliza mume. Ndiyo maana ukajipa jina hilo."

Upande wa kivuli mabinti walikuwa wameacha kunywa maji. Mpira mmoja ulibingirika taratibu katikati ya uwanja na hakuna aliyeufuata.

"Nijibu moja tu," Levina alisema. "Mkono wangu ungekuwa mzima siku ile, ungemwambia nini yule mama?"

Tobias alitazama kikapu, akatazama ukuta wa masista. Alikuwa mtu mwepesi wa kujibu, mtu wa mipango, kila mechi aliijia na majibu yake mfukoni. Levina alimtazama akitafuta mfukoni na asipate kitu.

"Ningependa kukwambia kuwa ningemwambia unakuja."

"Sikukuuliza unachopenda."

"Sijui." Sauti yake ilipasuka. "Haki ya Mungu, Levi, sijui. Nilipoiona ile namba niliogopa. Nilikuona uko Ulaya, umesimama jukwaani unapigiwa makofi na watu nisiowajua, na mimi nipo hapa na filimbi yangu. Mkono ulinipa sababu. Nilijiambia ni mkono. Mwaka mzima najiambia ni mkono."

Angekuwa ameongopa, ingekuwa afadhali. Mwongo unamchukia mara moja yakaisha. Huyu alikuwa amesimama mbele yake anasema kweli, macho mekundu, mikono ile ile iliyomfunga barafu ikining'inia bila kazi, na Levina alimpenda wakati ule kuliko siku nyingine yoyote. Hilo lilimtia hasira zaidi.

"Ungeniambia lini?"

"Baada ya harusi. Tukishatulia."

"Nikishakuwa siwezi kutoka."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Ndoa yetu sisi Wakatoliki haina mlango wa nyuma, unajua. Umeniletea uji jioni zote zile. Baba yangu alikukubali kwa sababu ya ule uji. Umeposa kwa msiba ulioutengeneza mwenyewe!"

Tobias akanyoosha mkono. Akazigusa nywele zake, upande ule ambao haujasukwa, kwa ncha za vidole tu, na Levina hakusogea. Alisikia harufu yake, jasho na sabuni ya kufulia. Kifua kile alikijua. Ilikuwa ni kuinama kidogo tu, mambo yote yaishe, wageni waje, pilau liliwe, na yeye azeeke akipigia kwaya kinanda, hana anachokosa ila kitu kimoja. Alibaki wima.

Tobias akaondoa mkono, akaupeleka mfukoni, akatoa simu.

"Ngoja niwapigie wazee wasije. Nitasema mimi ndiye nimeghairi. Aibu iwe yangu, wewe usipate neno."

Levina akaitazama ile simu mkononi mwake. Karibu acheke.

"Unanijibia tena," akasema.

Simu ikashuka taratibu.

"Waache waje. Nitajibu kwa kinywa changu."

"Utajibu nini?"

"Utasikia kama watakavyosikia wengine."

*

Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Aliingia kwa masista, akapita bila kubisha, akafunua kinanda. Tangu ule mwaka alikuwa anapiga nyimbo za misa tu. Ballade hakuigusa.

Akaigusa sasa. Inaanza polepole, mikono yote miwili pamoja, kama mtu anayetafuta namna ya kulianza neno gumu. Kisha unakuja ule wimbo wenyewe, mtamu, unaorudi na kurudi, kila ukirudi umebeba uzito zaidi. Kinanda kile kimekaushwa na jua la Tabora mpaka kinalia puani, na kibonyezo kimoja cha juu hakirudi upesi, lakini Levina alijua kukisamehe. Akafika kwenye kurasa za mwisho, zile za haraka na hasira zilizomvimbisha mkono. Akaziingia. Mkono ulikuwa mzima kabisa. Kila kidole kilifika mahali pake. Alizipiga vizuri kuliko alivyozipiga kwenye rekodi, na wa kuzisikia hakuwepo.

Alipoondoa mikono alitambua kitu. Upande wa pili wa ukuta hakukuwa na mpira unaodunda wala filimbi. Alikuwepo mtu anayesikiliza.

Akafunika kinanda, akaenda zake.

*

Shangazi Eustadia alimpokea mlangoni kwa midomo iliyobanwa. Washenga walikuwa wameshafika. Hapakuwa na muda wa kusuka wala wa kuuliza. Alimfunga kilemba kikubwa cha kitenge kuficha upande uliosimama, akampaka mafuta usoni, akamsukuma sebuleni.

Wazee wa Tobias walikuwa watatu, na msemaji wao, Mzee Silasi, alikuwa mtu wa maneno. Alisema wametembea mbali, wakaona moshi unatoka nyumba hii, wakajua humu kuna moto mwema, wao kwao kuna baridi. Mzee Revocatus alijibu kuwa moto wa nyumba yake haugawiwi kwa kila mpita njia. Watu wakacheka, kila kitu kikaenda kinavyotakiwa kwenda. Mwisho baba akamgeukia binti yake aliyepiga magoti kwenye mkeka.

"Mwanangu Levina. Wageni hawa wanasema wametumwa na mtu anayekufahamu. Je, unawafahamu?"

Kila aliyekuwemo alilijua swali lile na alilijua jibu. Binti akisema anawafahamu, amekubali. Binti mwenye haya hasemi hata hilo. Anainama, ananyamaza, na ukimya wake unachukuliwa kuwa ndiyo.

Levina aliinama. Alikuwa na jibu mdomoni, ila ulimi ulikuwa mzito. Alimwona baba yake alivyovaa koti la Pasaka, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Mzee yule alijishinda mwenyewe kufika siku hii.

Mzee Silasi alipiga goti lake kofi la furaha. "Amenyamaza! Wazee wenzangu, tumejibiwa!"

Shangazi Eustadia akavuta pumzi ya kigelegele.

"Hamjajibiwa," Levina akasema.

Pumzi ya shangazi ikabaki kifuani.

"Mnisamehe, wazee wangu. Sijajibu. Mtu mwingine alishanijibia mara moja, na sikuambiwa. Leo naomba nijibu mwenyewe." Akainua uso. "Siwafahamu."

Mzee Silasi alimtazama mwenzake. Mzee Revocatus alijiinua kidogo kitini, na kwenye sauti yake palikuwa na ombi, yeye ambaye hakuwahi kumwomba mtoto wake kitu.

"Levina. Mwanangu. Fikiri. Kijana aliyekaa nawe katika msiba wako, anakuletea uji mpaka kizingitini mwangu, mimi mwenyewe naona. Huyo humfahamu?"

"Huyo ndiye nisiyemfahamu, baba," Levina alisema, na hapo ndipo machozi yaliyomkataa mchana kutwa yalipokubali.

Baba yake hakuuliza zaidi. Alikaa, akafungua kile kifungo cha juu.

Pilau lilipakuliwa, maana mgeni harudishwi na njaa, na wazee walikula wakitazama sahani zao. Majirani waliokuja bila kualikwa waliondoka mapema, wana habari ya kubeba. Mzee Silasi aliaga kwa adabu zote, hakusema moto wala moshi.

Jioni ikiingia, Shangazi Eustadia alitandika tena mkeka uani. Hakugomba. Alikaa, akatanua magoti, akachukua kitana.

"Njoo nikumalizie upande wa pili. Huwezi kulala hivyo."

Levina akaketi, akavua kilemba, akaegemeza kichwa mahali pake pa mchana. Upande wa pili wa mji, mbali, mpira mmoja ulikuwa unadunda peke yake kwenye sementi, au alidhania tu.

"Usimalize, shangazi," akasema. "Fumua."

Shangazi akaweka kitana chini. Kisha akaushika mstari wa kwanza wa upande wa kulia, akaanza kuufumua toka mwisho kurudi mwanzo.